Gari la Waetruski lililoko New York: lirudi Italia au libaki?

Kalamu Nyeusi: Wakuu, mwaka 1902 mkulima wa Monteleone di Spoleto, Italia, alikuta kwenye ardhi yake kaburi lenye gari la farasi la shaba, kazi ya Waetruski, watu wa kale wa Italia, karne ya 6 KK. Mbele limechorwa Achilles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akipokea ngao na kofia ya vita kwa mama yake. 1903 likanunuliwa na Metropolitan Museum, New York. Kijijini wana nakala tu. Lirudishwe?

Chuma cha Pua: Lirudi kwa nani? Mwenyewe kaliuza kwa ng'ombe wawili, ujinga wake.

Mjukuu wa Jembe: Ujinga wa nani? Babu yangu kauza kahawa miaka yote kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi. Naye mjinga?

Chuma cha Pua: Sijamtaja babu yako. Punguza povu.

Mjukuu wa Jembe: Umewataja wote. Halafu hao ng'ombe ni masimulizi ya kijijini, wengine wanasema alipewa hela. Umeokota huko unakuja kututukania wazee.

Mama Chai: Jamani, tunafuga ng'ombe au tunajadili gari? Sheria iliyobana kweli mambo ya kale Italia ni ya 1909. Gari lilishavuka bahari.

Kalamu Nyeusi: Hata 1902 walitunga sheria, mama. Na mbona lile bakuli la kale la Euphronios, mchoraji wa Kigiriki, makumbusho hayo hayo walilirudisha Italia 2008, na walilinunua dola milioni 1?

Mama Chai: Lile lilichimbwa kwa magendo makaburi ya Waetruski huko Cerveteri, Italia, 1971, wamelinunua mwaka uliofuata. Usichanganye. Tena limefinyangwa Athens! Kama ni kurudisha kwa mwenyewe, Mgiriki kakosa nini?

Chuma cha Pua: 😂 Jibuni hilo.

Mjukuu wa Jembe: Mwetruski alikufa akazikwa na bakuli hilo. Lake. Wewe jibu la babu kwanza.

Chuma cha Pua: Makubaliano ya 2006 na makumbusho hayo, Italia ilirudishiwa vitu kibao, gari halimo. Roma yenyewe haikukomaa, nyie wa huku mnatokwa jasho la nini?

Mjukuu wa Jembe: Roma na mkulima wa milimani wapi na wapi! Wanakijiji wamelidai, wakajibiwa muda umepita. Muda gani, wakati kitu chenyewe kimekaa kaburini miaka elfu mbili na mia nne?

Mzee wa Lindi: Mnalilia gari la watu, mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru huku Lindi, mifupa yake iko Berlin.

Mama Chai: Nilijua tu mjusi atafika.

Chuma cha Pua: Mzee, shikamoo. Mjusi wa mita 13 kwenda juu mtamweka jengo gani?

Mzee wa Lindi: Marahaba. Wapagazi walipotembezwa siku kadhaa na mifupa ile kichwani hadi bandarini Lindi, kuna aliyeulizia jengo?

Chuma cha Pua: Sasa mimi ndiye niliyewabebesha?