Tupeane uzoefu: chanzo cha kipato ulichokitegemea miaka mingi kinapokauka

#1
Wakuu, salaam. Mshahara umekatika, au zabuni imekwisha, au mteja mkubwa kahama. Tuweke hatua na hesabu hapa, aliyekwama leo apate pa kuanzia.

Siku ya kwanza chukua karatasi. Andika fedha unayoweza kuishika ndani ya siku 7: taslimu na akiba. Deni la "nitakulipa mambo yakikaa sawa" usilihesabu. Chini yake andika matumizi ya lazima ya wiki: chakula, pango, nauli, dawa, maji na umeme, marejesho ya mkopo. Gawanya ya juu kwa ya chini. Ukipata 14, una wiki 14. Wengi hukosea kwa kusahau malipo yanayokuja mara moja kwa mwaka, kama ada, bima na leseni. Yajumlishe, gawanya kwa 52, ongeza kwenye matumizi ya wiki. Zile wiki 14 huenda zikashuka hadi 10, na ni heri ulijue hilo mapema.

#2
Mkuu #1, umeanza penyewe. Niongezee upande wa mkopo, maana ndipo watu wanapoumia zaidi. Nenda kwa mkopeshaji kabla rejesho la kwanza halijakwama. Ukishachelewa, faini zimeingia na sauti yako imepungua. Beba barua ya kusitishwa kazi, taarifa ya benki ya miezi 3, na kiasi kamili unachoweza kulipa. Usiende kusema "nisaidieni" tu.

Kuna kusimamisha marejesho na kuna kuongeza muda, watu wanachanganya. Ukisimamisha, kwa kawaida riba inaendelea kuhesabiwa. Ukiongeza muda, rejesho linashuka ila gharama inapanda. Chukua deni la 100,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, salio linalopungua, yaani riba inahesabiwa kwa deni lililobaki tu. Kwa miezi 12 unalipa kama 9,456 kila mwezi, na riba yote ni kama 13,470. Kwa miezi 24 unalipa kama 5,287, riba inafika kama 26,890, karibu mara mbili. Bado inaweza kukufaa, kama ile tofauti ya rejesho ndiyo chakula cha nyumbani. Ila uombe kipengele cha kulipa mapema bila faini, na ratiba mpya uipate kwa maandishi.

#3
Msikope kwenye simu kulipia mkopo mwingine. Asilimia 10 kwa siku 30 inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni zaidi ya 120.

#4
Kwa waliopata kiinua mgongo: kiwekeni akaunti ya pembeni, mjilipe kila Jumatatu kiasi kile cha kwenye karatasi ya #1. Hela ikikaa mfuko mmoja na ya matumizi, kila shida inaonekana ya lazima.

Biashara msiingize zote. Fedha uliyotenga kwa biashara igawe mafungu 3, nunulia bidhaa fungu la kwanza tu. La pili liguse baada ya mzigo wa kwanza kuuzwa wote na kununuliwa upya mara 2. Mtaji unaliwa kwa njia 2 hasa: kukopesha wateja, na kutoa mauzo ukidhani ni faida. Ukilazimika kuuza mali zako, anza na zinazokula hela zikiwa zimesimama, kama gari lisilozalisha. Cherehani, kompyuta au zana za ufundi ziwe za mwisho kabisa.

#5
Wategemezi nao waambiwe wiki hiyo hiyo, kwa kiasi na tarehe: "nilikuwa natuma kila mwezi, sasa ni nusu, hadi mwezi wa sita." Ukinyamaza, wanapanga kwa hela isiyokuwepo.

Na kwenye karatasi ya #1 ongezeni tarehe ya katikati. Una wiki 10? Wiki ya 5 ikifika kipato hakijarudi, hamia nyumba ya bei nafuu hapo hapo, ungali na hela ya pango la kuanzia na ya kusafirisha vyombo.