Chemchemi ya bonde letu: ya mwenye mikarafuu, ya mwenye eka, au ya wakfu?

Mwana wa Bondeni:
Assalamu alaykum. Kijijini kwetu, Pemba, kuna chemchemi chini ya kilima. Jina la kijiji naliacha. Maji yanatoka chini ya jiwe, yanajaza birika la saruji, yanayozidi yanateremka bondeni kwenye mpunga. Sasa kaja mwekezaji, anataka kuzungushia ukuta na kujenga vyumba vya kukanda wageni. Ukoo mmoja unasema kilima ni cha babu yao tangu enzi za mfalme, na mikarafuu iliyopo juu ya jiwe ndiyo ushahidi. Familia nyengine ina eka tatu za Mapinduzi, zile Serikali ilizowagaia watu baada ya 1964, na chemchemi imo ndani ya mpaka wao. Wazee wa msikiti nao wanasema maji yale yaliwekwa wakfu zamani. Jumamosi kuna kikao kwa sheha, kiongozi wa Serikali hapa kijijini. Nani mwenye haki, na ataithibitisha vipi?

Wakili wa Barazani:
Mwenye ardhi hapo hayupo. Machi 1964 ardhi yote ilifanywa ya Serikali, na Sheria namba 12 ya mwaka 1992 ikaja kusema ni mali ya umma iliyo chini ya Rais. Raia anapewa haki ya matumizi. Halafu kwetu sisi mti na ardhi ni vitu viwili toka zamani. Mtu anarithi mnazi uliomo kwenye uwanja wa mwenziwe, anakuja anaangua, anakwenda zake, hakuna ugomvi. Kwa hiyo mikarafuu haimpi mtu maji. Na wa eka tatu nao wasijitutumue. Zile zilikuwa za kulima, si za kuuza. Waliazimwa tu.

Eka Tatu Halali:
Waliazimwa? Rudia tena neno hilo, yakhe. Marehemu baba aliikuta eka ile nusu yake mwitu. Kang'oa visiki kwa shoka moja lililokuwa na mpini wa mpera, na mpini ule upo mpaka leo nyuma ya mlango wa mama. Kaugua akiwa huko huko kondeni. Wewe uliyekaa barazani na kahawa ndiye wa kutuambia tumeazimwa?

Wakili wa Barazani:
Mimi nimesema sheria, sikumsema marehemu, Mungu amrehemu.

Karafuu Mbichi:
Mwacheni wakili, kasema kweli. Sisi mikarafuu yetu ilipandwa na mikono ya babu zetu. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki imesimama, ndiyo iliyolisha visiwa hivi. Wengine babu zao walikuja na jahazi kuchuma, msimu ukesha, wakasahau kurudi.

Eka Tatu Halali:
Haya, ukweli umeshatoka. Si maji tena, sasa ni nani alikuja na jahazi.

Ngarawa:
@Karafuu Mbichi na babu yako alikuja na nini, kwa miguu? Hiki ni kisiwa bwana.

Karafuu Mbichi:
Alikuja mwanzo.

Ngarawa:
Mwanzo wa nini? Mkarafuu wenyewe mgeni, umeletwa kutoka Bara Hindi huko na Waarabu. Mti mgeni ndio unaokupa wewe uenyeji?

Chaza wa Wete:
Mkarafuu asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia, si Bara Hindi. Kwetu umefika karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa, Mauritius na Réunion. Tusahihishane.

Ngarawa:
Bado mgeni.

Bi Kizingiti:
Naona wanaume mmeshafika Indonesia. Mie nimechota pale tangu nina miaka sita, na sasa nina wajukuu. Sikilizeni nikwambieni jinsi maji yale yanavyokwenda. Penye jiwe ni ndoo za kunywa peke yake, mguu hautiwi. Birikani ni kukosha vyombo. Kufua ni chini ya mgomba, sabuni isirudi juu. Wanaume wanakoga baada ya magharibi, na kabla ya kuteremka wanakohoa kule njiani ili aliyekuwepo ajue. Mpunga ukiwa mchanga, wa bonde la chini wanafunguliwa maji usiku, wa juu mchana. Aliyekiuka aliletwa kwa mkubwa wa mji akatozwa mbuzi. Na hakuna hata mara moja tulipoulizana mikarafuu ya nani wala eka ya nani. Hati yake iko wapi? Iko hapo, kwenye miguu yetu iliyochimba ile njia.

Karafuu Mbichi:
Bibi, kwa heshima, huyo aliyetozwa mbuzi alitozwa na ukoo wetu. Mkubwa wa mji alikuwa wetu.

Eka Tatu Halali:
Kumbe hata mbuzi mnamdai.

Fundi Bomba:
Tatizo mnazungumza kama maji hayana mwenyewe serikalini. Tangu sheria ya mwaka 2006 kuna Mamlaka ya Maji. Mwekezaji akitaka kuvuta bomba akawaone wao, si sheha. Na jambo la kuvuta maji ya watu si jipya. Sultani Barghash alivuta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka Mji Mkongwe kwa mabomba. Mnadhani alimuuliza nani kule shamba? Ndiye huyo huyo aliyejenga hamamu, nyumba ya kukogea, ya Kidichi.

Chaza wa Wete:
Hamamu ya Kidichi si ya Barghash. Ni ya baba yake, Seyyid Said, mwaka 1850, alimjengea mkewe wa Kiajemi. Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mnachanganya mtu na baba yake.

Fundi Bomba:
Sawa mwalimu. Maji yalivutwa au hayakuvutwa?

Chaza wa Wete:
Yalivutwa. Lakini watu wa mji walipata maji ya kunywa. Huyu wetu anataka kukanda migongo ya wageni.

Mwana wa Bondeni:
Jamani, wakfu. Hakuna aliyegusa suala la wakfu.

Khamsa Wakati:
Nigusie mimi. Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema watu wanashirikiana katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mwenye kisima ana harimu yake, yaani eneo la pembeni, kiasi cha kukitumia, basi, na maji yanayozidi hazuiliwi mtu. Maji yanayobubujika yenyewe chini ya jiwe ndiyo kabisa. Ila wakfu unataka ushahidi. Karatasi ipo?

Mwana wa Bondeni:
Ipo, nimeiona. Imo sandukuni kwa bibi mmoja, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, maneno mengi Kiswahili. Mchwa wamekula pembe moja. Inataja "shamba pamoja na mikarafuu iliyomo", mashariki mwembe wa fulani, kusini njia iendayo pwani, magharibi mpunga. Upande wa kaskazini ndio ulioliwa. Mwembe ulianguka mimi mdogo, tukachoma kuni. Na chemchemi haikutajwa hata herufi moja.

Karafuu Mbichi:
Umeona! Shamba na mikarafuu. Maji hayamo kwenye wakfu, yamebaki ya ukoo.

Khamsa Wakati:
Au hayakutajwa kwa kuwa aliyeandika hakuwahi kufikiri kuwa maji yana mwenyewe. Wewe ukiuza nyumba unaandika na upepo? Na ndugu mwenye mada, nendeni Nyaraka za Taifa kule Kilimani, Unguja, mkatazame kama ipo nakala. Kisha Kamisheni ya Wakfu. Msimwachie mtu karatasi asilia, pigeni picha mbele ya mashahidi.

Wakili wa Barazani:
Nakala ikipatikana bado mtakumbana na 1964. Hilo la kama wakfu uliosalia nao uliingia kwenye ardhi ya umma ni la mahakama, si la humu.

Eka Tatu Halali:
Leo umekubali kuwa kuna usilolijua.

Kijana wa Mtemani:
Mimi nilisikia mwekezaji anasema ni maji moto, yanatibu mifupa. Kama ni maji moto mbona tusijenge wenyewe? Kijiji kitajirike.

Bi Kizingiti:
Maji moto? Mwanangu, yale maji hayana moto.

Kijana wa Mtemani:
Asubuhi yana uvuguvugu, nimekoga mwenyewe.

Fundi Bomba:
Maji ya chini ya ardhi hayabadiliki joto kama hewa. Alfajiri ya kipupwe wewe ndiye uliye baridi. Mchana wa kaskazi nenda tena, utasema yametoka kwenye friji. Kisiwa hiki hakina volkeno.

Ngarawa:
Kwani chemchemi ya Chemka kule Hai, Kilimanjaro, ni ya moto? Waongoza watalii wanaiita maji moto, ukijitosa unatoka na ubaridi. Ya moto kweli nendeni Songwe.

Kijana wa Mtemani:
Chemka nimekwenda, maji mazuri sana.

Ngarawa:
Mazuri, sijasema mabaya. Nimesema si moto.

Karafuu Mbichi:
Moto au baridi, mwekezaji akitoa fidia ya miti atatulipa sisi. Huo mkarafuu mkubwa pale utakapopita ukuta utakatwa, na ule ni wa bibi yangu.

Eka Tatu Halali:
Kwa hiyo ndiyo maana. Unataka fidia ya mti, si maji.

Karafuu Mbichi:
Na wewe unataka nini?

Eka Tatu Halali:
Mpaka wangu uandikwe. Nimechoka kuambiwa nimeazimwa.

Mwana wa Bondeni:
Kikao kesho kutwa. Nani anakuja? Naomba na wakina mama wawepo, safari iliyopita waliitwa kupika chai tu.

Chaza wa Wete:
Hujapata habari? Kikao kimeahirishwa, sheha yuko msibani Micheweni. Na mwekezaji jana kateremka na watu wawili wenye kamba za kupimia, wakakuta wanawake wanafua, wakaambiwa wakohoe.

Bi Kizingiti:
Walikohoa?

Chaza wa Wete:
Mmoja alikohoa. Mwengine aliuliza kwa nini.