Roketi ndogo inalala ikiacha fimbo: nihamie injini ya C?

mwl_fizikia
Wakuu, habari za kazi. Klabu ya sayansi imeunganisha roketi ya seti: bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha milimita 25, urefu sentimita 40 pamoja na pua, mapezi manne ya balsa (mbao nyepesi sana). Maelezo ya seti yanasema gramu 45 bila injini. Yetu inasoma 60, na ikiwekwa injini ya A8-3 inafika 76. Ikiwa kwenye fimbo ya kurushia inanyooka vizuri, ikiiacha tu inalala kuelekea unakotoka upepo, na mwavuli wa kuishusha unafunguka ikiwa karibu na ardhi. Mara ya pili mwavuli umetoka umeshikana kama mfuko wa nailoni uliopigwa pasi. Tunarushia uwanja wa mpira huku Temeke, saa kumi jioni baada ya vipindi. Nikiweka C6-5 itapata nguvu ya kunyooka?

kipanga_wa_pwani
Weka C tu mkuu, A ni ya kuonjea.

fundi_balsa
Hapana, mwalimu, C usiiguse kwanza. Herufi ni jumla ya msukumo: A inaishia nyutoni-sekunde 2.5, C inaishia 10. Namba ya kati ni wastani wa kani kwa nyutoni, ya mwisho ni sekunde za moshi kabla ya baruti ya kutoa mwavuli. Roketi inayolala na A italala na C pia, ila sasa ina msukumo mara nne wa kuipeleka kwenye mabati ya watu. Halafu C inataka uwanja wa mita 120 kila upande. Uwanja wa mpira una kama 105 kwa 68, kwa hiyo mwisho wako ni B, inayotaka mita 60. A inatosheka na 30.

Ugonjwa uko kwenye hizo gramu 15. Ni rangi, sivyo? Balsa inakunywa rangi kama sifongo, na watoto wakipaka mikono mitatu, mzigo wote unakaa mkiani. Hapo unapata hasara mbili. Ya kwanza ni mwendo: kwa gramu 76 na fimbo ya sentimita 90, roketi inaiacha ikiwa na kama mita 13 kwa sekunde, kwa gramu 61 ingekaribia 15. Mapezi hayashiki kitu hewa ikipita polepole. Ya pili ni kwamba kitovu cha uzito kimerudi nyuma.

Pima hivi. Weka injini mpya ndani, kunja mwavuli kama wa kurusha, ilaze roketi juu ya ukingo wa rula mpaka itulie, tia alama. Kisha chora umbo lake la ubavuni kwenye boksi gumu, likate, nalo litulize vilevile: hapo ndipo kani ya hewa inaposukumia, kwa makadirio. Alama ya roketi iwe mbele ya ile ya boksi kwa angalau kipenyo kimoja, yaani sentimita 2.5. Boksi lina ukali kidogo kuliko hali halisi, lakini bora likukosee upande huo.

mama_vipimo
Naongezea fimbo. Ile ya chuma ya milimita 3.2 huku kwetu inashika kutu kwa chumvi ya bahari, na kijibomba cha ubavuni mwa roketi, kinachopita kwenye fimbo, kinakwaruza. Isugue kwa msasa laini namba 400, ifute kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi, inabeba mchanga.

Mwavuli umeungua kwa sababu ya kinga. Kama mliweka tishu ya chooni, hiyo ndiyo inayoshika moto yenyewe. Tumia karatasi za kinga zilizokuja na seti, tatu au nne, zikunjwe ovyo bila kushindiliwa, zijaze bomba kina cha sentimita 5. Zikiisha, jani bichi la saladi linafanya kazi (ndiyo, la kula), ila lisilale humo usiku, litalainisha bomba. Mwavuli upake poda ya mtoto na uukunje dakika za mwisho. Kwa joto hili nailoni ikilala imekunjwa inagandana.

mwl_fizikia
Nimepima. Roketi 25 kutoka puani, boksi 26. Na fimbo ina kutu kweli.

fundi_balsa
Basi una sentimita 1 badala ya 2.5. Toa rangi ya mapezi kwa msasa mpaka uone mbao, upake mkono mmoja mwepesi wa sanding sila (ya kuziba vitundu vya mbao). Gundi ya kwenye maungio usiiguse. Ndani ya pua weka plastisini gramu 5, uisukume mpaka ncha kabisa na uifungie kwa tone la gundi. Peke yake inasogeza kitovu mbele kama sentimita 1.2. Pima tena. Kisha ifunge uzi wa mita 2 kwenye kitovu cha uzito, izungushe juu ya kichwa: pua ikitangulia, rusha. Ikizunguka kiubavu au kinyumenyume, ongeza gramu 2.

Na hamisha saa. Saa kumi jioni ndiyo upepo wa bahari umekolea. Njooni saa moja asubuhi Jumamosi.

mama_vipimo
Injini zisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani. Joto na baridi vikipokezana, baruti inapata ufa, na ufa ukiwaka bomba linapasuka. Isipowaka, toa ufunguo wa swichi, subiri dakika nzima ndipo usogee. Mara nyingi ncha ya kiwashio haijagusa baruti, au klipu mbili zimegusana. Watoto wakae mita 5 nyuma. TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) waulizwe kwanza, ndege za uwanja wa Kipawa si mbali na hapo. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, hiyo imeshakwenda, mkaunde nyingine.

kipanga_wa_pwani
Mie nilikuwa natania kuhusu C.

fundi_balsa
Hukuwa unatania.