Michezo ya video na maadili: tuanze na upi kwa mjadala wa vijana Bukavu?

MwanaKadutu
Jambo wandugu. Klabu ya vijana hapa Kadutu, miaka 15 hadi 20, inataka kujadili siasa na maadili yaliyomo ndani ya michezo ya video. Tuna kompyuta moja, simu za Android na umeme wa kubahatisha. Mijadala ya namna hii hufa haraka: mmoja anasema "kuna damu, ni mbaya", mwingine "ni mchezo tu", basi imekwisha. Tuchague michezo gani, na tuulize nini?

Yaya Nsimire
Ndugu, wekeni picha kando kwanza, mtazame kanuni. Kila mchezo unalipa jambo fulani, unaadhibu jingine, na kuna mengine hauyaruhusu hata ukitaka. Maadili yake yamekaa hapo.

Anzeni na Papers, Please ya Lucas Pope (2013). Iko kwenye Android tangu 2022 na ina Kifaransa. Mchezaji ni mkaguzi wa mpaka katika nchi ya kubuni, Arstotzka. Analipwa kufuatana na idadi ya wasafiri aliowakagua. Jioni anatoa kodi ya nyumba, chakula na joto la nyumba. Kila siku makosa mawili ya kwanza ni onyo tu, kuanzia la tatu anakatwa fedha.

Siku ya 5 anapita mume mwenye karatasi kamili, kisha mke wake asiye na kibali cha kuingia. Simamisheni mchezo hapo. Kumpitisha mama huyo ni kosa, lakini kama mkaguzi hajakosea siku hiyo, huruma inamletea onyo tu, hakatwi fedha. Kama maonyo yake mawili yamekwisha, anailipia. Yaani utawala huu umeacha nafasi ndogo ya huruma, na umeigawia mfanyakazi hodari peke yake. Vijana wapige kura kabla ya mtu kugonga muhuri, kisha waulizeni nani kapanga hesabu hiyo na inamfaa nani. Tengeni saa moja kufika siku ya 5. Mchezaji akifilisika njiani msirudi mwanzo kabisa: mchezo unahifadhi kila siku, mnaendelea kutoka siku iliyotangulia.

Fundi Byamungu
Naunga mkono. Kwa historia, chukueni Civilization VI (2016), mchezo wa kujenga na kuongoza dola. Ufalme wa kale wa Kongo umo, chini ya mfalme Mvemba a Nzinga, yule Afonso wa Kwanza. Kanuni aliyopewa: hawezi kujenga eneo takatifu wala kuanzisha dini. Anafaidi dini iliyoletwa na wengine, na anawachukia wasiomletea. Sasa kumbukeni Kimpa Vita, nabii wa kike wa Kongo aliyechomwa moto 1706 kwa sababu ya harakati yake ya dini, na Simon Kimbangu, nabii mwingine wa Kongo, aliyeanza kuhubiri 1921. Katika mchezo huu Mkongo ni wa kupokea tu. Swali hilo peke yake linajaza nusu saa.

Zito zaidi liko kwenye kadi za sera, zile mchezaji anazochagua ili dola lake lipate faida fulani. Ukifikia hatua ya merkantilizimu (siasa ya taifa kutajirika kwa biashara ya nje) unapata kadi ya biashara ya pembe tatu, ile ya Ulaya, Afrika na Amerika iliyouza watumwa: kila njia ya biashara inakuletea dhahabu 4 na imani 1 zaidi. Hakuna mtu anayeuzwa, hakuna kijiji kinachobaki tupu. Na Mvemba a Nzinga anaweza kuitumia kadi hiyo, yeye ambaye mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba watu wake wanakamatwa na kuuzwa! Mchezo mzima unakula saa nyingi, kwa hiyo msiucheze wote. Picha za skrini za kadi hiyo na dondoo la barua vinatosha, vikiwekwa pamoja ukutani.

Mchezaji wa Nguba
Kanuni pekee hazitoshi, Yaya. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ina kanuni za mchezo wowote wa bunduki, uongo wake uko kwenye simulizi. Kuna sehemu inaitwa Barabara ya Kifo, katika nchi ya kubuni, na mchezaji anaambiwa Warusi ndio walioipiga mabomu. Barabara iliyopewa jina hilo kweli inatoka Kuwait kwenda Basra, na Februari 1991 walioipiga ni Marekani na washirika wake. Kijana hawezi kuligundua hilo kwa kuhesabu pointi. Mpeni ramani na tarehe.

MwanaKadutu
Asanteni sana. Upo wowote unaogusa madini ya kwetu?

Yaya Nsimire
Phone Story ya Molleindustria (2011). Apple iliuondoa dukani kwake mara tu ulipotoka. Toleo la Android likabaki wakati huo. Hatua ya kwanza ni machimbo ya koltani (madini yanayotumika ndani ya simu) Kongo: wewe ni mlinzi mwenye silaha, unawarudisha kazini watoto wanaopumzika, na ukilegea umeshindwa. Ni wa dakika chache. Ila vijana wanaotoka upande wa machimbo watauliza mara moja: mwenye shimo yuko wapi, mangosia (mnunuzi wa kati wa madini) yuko wapi, nani anatoza njiani? Wana haki. Wapeni ubao wachore safari nzima ya jiwe kutoka shimoni hadi simu, kisha waweke alama pale mchezo ulipoparuka.

Fundi Byamungu
Mtashauriwa pia This War of Mine (2014), raia ndani ya mji uliozingirwa, kwa mfano wa Sarajevo, Bosnia, miaka ya 1990. Ni kazi ya heshima: ukiwaibia wazee wawili wasio na silaha, watu wako wanaingia huzuni hadi wengine washindwe kufanya lolote. Lakini usiwe wa kikao cha kwanza. Humo kwenye klabu kuna waliokimbia vita wenyewe. Mkiutumia, tangazeni siku kadhaa kabla, na anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa sababu.