Mrejesho: Watoto wametoka sebuleni, sasa wanasaka makopo

Wakuu, nilileta swali la namna ya kuwatoa watoto kwenye TV Jumamosi, mkanipa mchezo wa jiokashingi: mtu anaficha kopo, anatoa namba za mahali hapo za GPS (mfumo wa setilaiti wa kuonyesha mahali), wengine wanalisaka. Ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuivuruga makusudi GPS ya raia.

Sisi tunafichiana wenyewe huku Mikindani. Kopo la siagi, ndani penseli, kidaftari cha kuandika jina na vitu vya kubadilishana. Ukichukua gololi, acha chenye thamani ileile. Chakula marufuku, siafu watakutangulia.

Simu inakufikisha jirani tu, mita chache za mwisho ni macho yako. Juzi sisi wakubwa tunauzunguka mbuyu, kitinda mimba akanyanyua kifuu cha nazi, kopo hilo! Kule Boma la Wajerumani la 1895 nimekataza kuchokoa kuta.

Mama yao alilalamikia jua, leo ndiye anayeficha pagumu kuliko wote.

Sasa nisaidieni: mifuniko inalegea na maji yanaingia. Mnatumia makopo gani?