Naomba ushauri: nimefunga na kuomba, bado sijui niende au nibaki

Wapendwa, Bwana asifiwe. Nina miaka 29, nashona nguo hapa Mwanza. Juzijuzi nimepata ajira ya ualimu Sumbawanga, niliyoisubiri miaka minne, natakiwa kuripoti ndani ya siku 14. Lakini cherehani hii ndiyo inayolipa kodi na ada ya mdogo wangu.

Nimefunga, nimekesha. Nikaweka alama kama Gideoni wa kwenye Biblia, aliyemwomba Mungu ishara: mteja fulani akileta kitenge kabla ya Ijumaa, nabaki. Akaleta Alhamisi! Nikajiambia ni bahati tu, nikaweka alama nyingine. (Gideoni naye alirudia: ngozi ya kondoo aliyoiacha nje usiku ikalowa umande, usiku wa pili ikawa kavu. Ila yeye alishaambiwa la kufanya, mimi sijaambiwa kitu.)

Mama mchungaji anasema nisubiri amani moyoni. Amani inakuja asubuhi, jioni nikikaa kushona imeshaondoka, na barua ya ajira iko palepale chini ya mkasi.

Mliopita hapa, mlijuaje ni sauti ya Mungu na si hofu yenu? Na je, ni kosa nikichagua tu, kisha nimwombe abariki? Zimebaki siku sita.