Kuchagua mtaa Leicester kabla familia haijafika

Kutoka: Mama wa wawili, London

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni muuguzi kutoka Nakuru, na kwa sasa naishi katika chumba cha kupanga hapa London. Nimepata kazi katika hospitali ya Leicester Royal Infirmary ambayo natarajia kuianza mwezi wa Septemba, na mume wangu pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka mitatu, watajiunga nami mwezi wa Novemba, Mungu akipenda.

Leicester sina ndugu wala siijui mitaa yake. Wenzangu kazini wananiambia nitafute nyumba Oadby kwa sababu ya shule. Rafiki mmoja anasisitiza nikae Highfields au Evington, ambako nitapata watu wetu na chakula chetu. Dalali naye ananihimiza nichukue nyumba iliyo jirani kabisa na hospitali, akidai kwamba nisipolipa wiki hii itachukuliwa na mwingine. Gari hatutakuwa nalo kwa mwaka wa kwanza. Naomba mnisaidie: kitu gani kitazamwe kwanza?

Kutoka: Baba wa watatu, Leicester

Dada, hongera kwa kazi mpya. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu yako mambo ambayo dalali hana faida ya kukueleza. Ushauri wangu ni kwamba jina la mtaa liwe la mwisho. Tafuta kwanza shule yenye nafasi kwa mtoto wako wa miaka sita, kisha fikiria Jumanne ya kawaida ya mwezi wa Januari: nani anawapeleka watoto, kwa njia ipi, nani anawachukua saa tisa na robo alasiri, na wewe unafikaje kazini saa moja na nusu asubuhi. Nyumba uitafute ndani ya njia hiyo.

Naanza na shule kwa sababu ndiyo inayobana kuliko vyote. Kwa sheria ya hapa, madarasa matatu ya mwanzo, yaani Reception, Year 1 na Year 2, hayaruhusiwi kuzidi wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja, na misamaha iliyowekwa ni michache. Mwanao anaangukia humo humo: ikiwa alitimiza miaka sita kufikia tarehe 31 Agosti ataingia Year 2, na ikiwa alitimiza baada ya hapo ataingia Year 1. Familia inayofika Novemba haichagui shule kama ile iliyoomba kwa wakati, bali hupewa palipobaki nafasi, na rufaa dhidi ya darasa lililokwisha kujaa watoto 30 ni nadra kufaulu. Ndiyo maana mtu anaweza kulipa kodi kubwa ili awe mkabala na shule yenye sifa, na bado mtoto wake akapangiwa shule nyingine iliyo mbali.

Kwa hiyo, kabla hujatia saini mkataba wowote, uliza ni shule zipi zina nafasi katika darasa husika. Hapo pana jambo linalowachanganya wageni. Oadby, Wigston, Birstall na Glenfield huonekana kama vitongoji vya Leicester, lakini haviko chini ya halmashauri ya jiji. Maombi ya shule za huko hushughulikiwa na halmashauri ya kaunti, yaani Leicestershire County Council. Ukiwa unapima kati ya Evington na Oadby, itakubidi uulize ofisi mbili tofauti.

Huyo mdogo ana hesabu yake. Ikiwa alitimiza miaka mitatu kabla ya Agosti kwisha, ataanza Reception Septemba ijayo, na mwisho wa kuomba ni tarehe 15 Januari. Mkifika Novemba mtakuwa na miezi miwili tu ya kujipanga, na majibu hutoka tarehe 16 Aprili. Anwani yenu ndiyo itakayopima umbali wa shule, kwa hiyo nyumba ya muda mfupi upande mmoja wa mji, kwa nia ya kuhamia upande mwingine baadaye, inaweza kuwaharibia mpango. Jueni pia kwamba mtoto kusoma chekechea ya shule fulani hakumhakikishii nafasi ya Reception katika shule hiyo hiyo.

Kuhusu gharama ya chekechea, tafadhali soma viza yako vizuri kabla hujapiga bajeti ya kodi. Saa 30 kwa wiki za chekechea ya bure zinazotangazwa kwa wazazi wanaofanya kazi humtaka mzazi anayeomba awe raia, au awe na ukaazi wa kudumu, au awe na ruhusa ya kupata fedha za umma, yaani misaada ya serikali, na sisi tulioingia kwa viza za afya kwa kawaida hatuna ruhusa hiyo. Lakini saa 15 za watoto wote wa miaka mitatu na minne haziangalii viza. Huanza muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miaka mitatu. Chakula cha mchana shuleni nacho ni bure kwa watoto wote wa madarasa yale matatu ya mwanzo katika shule za serikali. Nimewaona watu wakichukua nyumba ya bei ya juu wakitegemea saa 30 ambazo hawakuwa na haki nazo.

Sasa nije kwenye mitaa yenyewe. Nyumba za jirani na Royal Infirmary nyingi ni za zamani, zilizoungana kuta, na mlango wa mbele unafungukia barabarani. Uwanja wa mpira wa King Power hauko mbali, na siku za mechi maegesho ni vita. Ukivuka mto kuelekea Narborough Road utakuta mtaa wa biashara ambao mwaka 2016 watafiti wa London School of Economics waliutangaza kuwa na wenye maduka wa asili nyingi kuliko mtaa wowote nchini. Ni mtaa mchangamfu na chakula kipo, ila wanafunzi wa chuo kikuu cha De Montfort wamejaa humo, na nyumba nyingi hukatwakatwa vyumba. Kwa kijana anayeishi peke yake ningesema nenda. Kwa watoto wa miaka sita na mitatu, sina hamu napo.

Evington Road na Highfields, kama rafiki yako alivyosema, zina unga wa mahindi, ndizi za kupika, nyama ya halali na misikiti, na ni upande ulio karibu na hospitali ya Leicester General. Usishangae muuza duka mzee mwenye asili ya Kigujarati akikujibu Kiswahili safi, kwa sababu maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walihamia mji huu, ingawa halmashauri ya wakati huo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la kuwasihi wasije. Kutoka upande wa Evington Road unaokutana na London Road, mtu anaweza kutembea hadi Royal Infirmary kwa muda wa nusu saa hivi. Clarendon Park nako ni pazuri na bustani ya Victoria iko mlangoni, lakini wanafunzi hushindania nyumba hizo na kodi inafuata.

Kwa asiye na gari, Oadby ni basi la kila siku. Si mbali, lakini zamu yako ikiisha saa mbili usiku hakikisha umelitazama basi la saa mbili na nusu, na la Jumapili vilevile, usiridhike na ratiba ya mchana. Leseni ya Kenya itakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha utalazimika kufanya mtihani wa hapa. Kama mwaka huo umeshaanza kuuhesabu London, jihesabuni kuwa watu wa basi.

Nenda ukatazame nyumba jioni. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na njia iliyokuwa ya kupendeza mwezi wa Julai huenda ikawa uchochoro usio na taa. Ramani ya uhalifu ya polisi, unayoweza kuifungua kwa msimbo wa posta, inasaidia, mradi uisome kwa akili: barabara yenye maduka makubwa itaonekana mbaya siku zote kwa sababu ya wizi wa dukani, ilhali mtaa wa pili yake umetulia. Mimi hutazama uvunjaji wa nyumba na wizi wa magari, na hulinganisha miezi kadhaa.

Ndani ya nyumba tafuta unyevunyevu. Sogeza kabati, nusa pembe za ukuta wa nje, na ukiona rangi mpya kwenye kona moja tu, uliza kwa nini. Cheti cha nishati, kinachoonyesha nyumba inatumia nishati vizuri kiasi gani, cha nyumba ya kupanga hupatikana bure mtandaoni kwa anwani yake. Nyumba ya kupanga isiyo na msamaha rasmi lazima iwe na daraja E au juu yake (A ndilo bora), lakini kwa watoto wadogo mimi singekubali chini ya D. Kodi ya halmashauri pia ina madaraja, A hadi H, yanayotokana na thamani ya nyumba ya mwaka 1991, na daraja la H hulipa mara mbili ya D. Dalali anapokutajia kodi ya nyumba, muulize na daraja hilo hapo hapo.

Huyo anayekuharakisha, mwache. Tanzania, kwa mfano, dalali huchukua kodi ya mwezi mzima na mwenye nyumba mara nyingi hudai miezi sita, kwa hiyo wengi hulipa bila kuuliza. Hapa, tangu Juni 2019, mpangaji hatozwi ada ya udalali. Pesa ya kushikia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na amana haizidi wiki tano ikiwa kodi ya mwaka iko chini ya pauni 50,000; amana hiyo lazima iwekwe katika mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30. Sheria mpya ya wapangaji ya mwaka 2025 imeweka kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 2026 mwenye nyumba haruhusiwi kukudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kabla ya upangaji kuanza, wala kukukataa kwa sababu una watoto.

Kutoka: Mama Wigston

Nawasalimu. Kaka amesema mengi ya kweli, lakini suala la watu wetu amelipita haraka, akabaki kwenye unga na ndizi. Dada anafanya zamu za saa 12, na mume wake hatakaa nyumbani siku zote. Akipata kazi, naye atapangiwa zamu. Siku moja ya Februari shule itapiga simu saa tano asubuhi kwamba mtoto ana homa na achukuliwe. Hapo anayehitajika ni mtu mmoja anayeaminika aliye umbali wa dakika kumi, ambaye jina lake limeandikwa shuleni kama mtu wa kupigiwa. Watu mnaoonana harusini na misibani, hata wawe wengi namna gani, hawasaidii wakiwa upande wa pili wa mji. Kwa hiyo mimi ningeuliza hivi: kabla ya Novemba, naweza kujuana na nani, na anaishi wapi? Nenda kanisani au msikitini mara kadhaa ukiwa bado peke yako, kaa baada ya ibada, uliza wenye watoto wa umri wa wako wanasoma wapi. Utapata na habari za nafasi za shule, kwa kuwa akina mama hujua nani anahama.

Ila naomba jambo moja lieleweke, maana tumezoea kusaidiana kwa malipo madogo. Mtu anayelipwa kulea mtoto wa chini ya miaka minane nyumbani kwake kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, kwa kawaida anatakiwa awe amesajiliwa, iwe na Ofsted, yaani ofisi ya serikali inayokagua shule na malezi ya watoto, au na wakala wa walezi. Usimtie mwenzako matatani, wala usijitie wewe. Wapo walezi waliosajiliwa wanaopokea watoto mapema asubuhi, lakini wa kukubali ratiba ya zamu zinazobadilika ni wachache, na kwa baadhi ya mitaa hawapo kabisa. Watafute sambamba na shule, usingoje uhamie kwanza.

Na kuhusu sifa za shule: tangu Septemba 2024 Ofsted haitoi tena neno moja la kuipima shule nzima ya serikali, kwa hiyo anayekuambia "ile ni Outstanding" huenda anasoma ripoti ya zamani. Omba kuitembelea. Mimi huwatazama watoto wanavyotoka getini saa tisa, na huuliza ni wangapi hufika bila Kiingereza cha nyumbani na shule huwafanyia nini. Zipo shule za mitaa ya kawaida ndani ya Leicester ambazo kazi hiyo wameifanya kwa miaka mingi, na mtoto kutoka Nakuru hatakuwa kioja kwao.

Kutoka: Mama wa wawili, London

Nawashukuru sana, kaka na dada. Yule dalali nimemjibu kwamba sitalipa kabla ya kuiona nyumba, naye amenyamaza. Mtoto wangu mkubwa alitimiza miaka sita mwezi wa Juni, kwa hiyo ni Year 2, na mdogo alitimiza mitatu Machi; hiyo tarehe 15 Januari nimeiandika. Jumatatu nitaziuliza halmashauri zote mbili, nikianza na shule zilizo kati ya Evington Road na Clarendon Park. Dada wa Wigston, ikiwa una nafasi Jumamosi moja mwezi huu, ningeomba tuzitazame pamoja nyumba nitakazokuwa nimezichuja, na tuanze saa kumi na mbili jioni ili niyaone na mabasi.